Aingiaye Shimoni Aache Maandishi

Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mapema katika miaka ya 1920, na ilipofika miaka ya 1930 maelfu ya watu walikuwa wamekwisha kumiminika Chunya, Wazungu wenye leseni na Waafrika wenye sururu. Vijana wa Rungwe walivuka milima wakashuka upande wa pili, wakaiacha migomba mikononi mwa mama zao na wake zao. Mgodi mkubwa wa Saza ulifungwa mwaka 1956, makampuni yakaondoka, lakini mchimbaji mdogo hakuondoka. Yuko leo Matundasi, Itumbi, Makongolosi na Lupa Tingatinga, na ng'ambo ya mpaka mpya, huko Saza na Mkwajuni, ambako tangu mwaka 2016 pameitwa Mkoa wa Songwe. Sheria za madini zimebadilika mara nyingi katika karne hii, na bei ya dhahabu imepanda mlima ambao babu zetu wasingeuamini. Jambo moja tu limebaki vilevile. Mchimbaji akifia shimoni, jamaa zake huanza kuuliza maswali ambayo majibu yake yote alikuwa nayo yeye peke yake.

Alikuwa akichimba katika duara la nani? Alikuwa na hisa katika duara hilo, au alikuwa kibarua tu? Mifuko ya mawe iliyokwisha kupandishwa juu, na ambayo bado haijasagwa, ni mingapi, na fungu lake ni lipi? Yule bwana anayesema alimfadhili chakula, dizeli na baruti kwa miezi minne, je, ni kweli alimfadhili, na kama ni kweli, alikwisha kulipwa nusu au hajalipwa kitu? Fedha zilizo katika simu yake zitatolewaje ikiwa namba ya siri amekwenda nayo kaburini? Na yule mwanamke wa kambini mwenye mtoto mgongoni, aliyempikia na kumwosha matope kwa miaka mitatu, ni nani kwake?

Hayo ndiyo maswali ya siku ya tatu baada ya mazishi, na wala si maswali ya Chunya pekee. Tunayaleta leo mbele ya wasomaji wetu wa Visiwani, na mbele ya watumishi wa Serikali wa pande zote mbili za Muungano, kwa sababu bahari na shimo ni ndugu wa tumbo moja. Mvuvi wa Kojani aendaye dago miezi mitatu, na mchimbaji wa Makongolosi ashukaye kwa kamba alfajiri, wote wawili huacha nyumbani watu wanaokula kutokana na kazi ambayo hawajapata kuiona kwa macho. Mke wa mvuvi hulijua jina la nahodha, na pengine jina la chombo. Zaidi ya hapo hajui. Mke wa mchimbaji aghalabu hajui hata hilo, maana huko kambini mumewe huitwa kwa jina jingine kabisa, jina la utani alilobandikwa siku ya kwanza, na ukimtaja kwa jina alilopewa na wazazi wake hakuna amjuaye.

Tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Msemo huo umetuharibia mengi. Ajali yenyewe huenda kweli isizuilike, ingawa mashimo mengi huporomoka kwa sababu mwenye duara alibania magogo ya kuegemezea kuta, na hilo lina kinga yake, nayo ni mkaguzi asiyepokea chai. Lakini ufukara unaoifuata ajali hauna uhusiano wowote na majaaliwa. Huo hutengenezwa na sisi wenyewe, kwa kukaa kimya siku zote ambazo mtu alikuwa hai na mzima.

Tuikumbuke Nyangarata. Mwezi Oktoba mwaka 2015 shimo la dhahabu liliporomoka huko Nyangarata, wilayani Kahama, likawafunika wachimbaji. Katikati ya Novemba, watu watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Dunia nzima ilistaajabu, na ilikuwa haki kustaajabu. Sisi tulijiuliza jambo jingine. Katika siku hizo 41, mke wa mtu aliyefukiwa ni mjane au si mjane? Avae nguo za msiba au azibakize sandukuni? Akienda dukani kukopa unga, akope kwa jina la mume gani, aliye hai au aliye maiti? Sheria inataka muda mrefu upite kabla ya aliyepotea kuhesabiwa amekufa. Tumbo la mtoto halina subira ya sheria. Familia iliyo na akiba ya miezi miwili, na karatasi inayosema nani atoe nini kwa nani, huvuka siku 41. Isiyo navyo huuza mabati ya nyumba ndani ya wiki mbili.

Mererani wameyaona hayo mara mbili, mwaka 1998 na mwaka 2008, maji ya mvua yalipoingia katika mashimo ya tanzanite na kuwaua makumi ya vijana, wengine wasionekane tena. Januari 2024 mgodi mdogo uliporomoka mkoani Simiyu. Agosti 2025 watu 25 walifukiwa Nyandolwa, mkoani Shinyanga. Kila mara mambo huwa yaleyale: viongozi hufika, rambirambi hutolewa, majeneza hununuliwa kwa fedha ya umma, na jambo hili la mwisho ni la kiungwana na tunalishukuru. Kisha magari huondoka. Mazishi yamelipiwa, mwezi wa pili wa watoto haukulipiwa na mtu.

Visiwani nako hatuna haja ya kukumbushwa. Usiku wa Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejaa watu kupita kiasi. Julai 18 ya mwaka uliofuata ikazama Skagit, karibu na Chumbe. Na katika Ziwa Viktoria, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache tu kabla ya kutia gati Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Katika misiba hii mikubwa uchungu uliongezwa na jambo dogo mno, nalo ni daftari. Hapakuwapo orodha ya kuaminika ya waliopanda. Watu walilazimika kuthibitisha, wakiwa katika kilio, kwamba ndugu yao alikuwamo. Ikiwa chombo chenye tiketi na makarani kinaweza kuondoka bila kujua kimebeba nani, tusishangae kwamba duara la Matundasi linashusha watu kumi na wawili usiku na hakuna aliyeandika jina hata moja.

Sheria zipo, lakini mlango wake ni mwembamba. Kwa Tanzania Bara, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na kuanza kazi mwaka 2015, umeondoa aibu ya sheria ya zamani tuliyoirithi kutoka kwa wakoloni, ambayo malipo yake, shilingi ilipokwisha kupoteza thamani, hayakumfaa mtu kitu. Mfuko huu hugharimia matibabu ya aliyeumia kazini, humlipa pensheni aliyelemaa, na akifa huwalipa wategemezi wake. Anayechangia ni mwajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Dai lapasa kufikishwa ndani ya miezi 12, jambo ambalo kila mke wa dereva, wa mlinzi na wa mfanyakazi wa mgodi wenye kampuni angepaswa kulijua kama ajuavyo siku ya soko.

Lakini mchimbaji wa duara ana mwajiri gani? Muulize mwenye leseni, atakuambia, "Hawa ni watu wa mwenye duara." Mwendee mwenye duara, atakuambia, "Hawa si vibarua wangu, ni washirika wangu, tunagawana mawe." Na kweli wanagawana: mifuko hii ya mwenye leseni, mifuko hii ya mwenye duara, na inayobaki ya wale walioshika nyundo. Siku ya neema, mgao huo humfurahisha kila mtu. Siku ya msiba, neno "mshirika" hugeuka kuwa ukuta. Mshirika hana mwajiri. Asiye na mwajiri hana fidia. Ndivyo ilivyo pia kwa baharia wa ngalawa anayelipwa fungu la samaki. Tunawaomba wanasheria wa Wizara wasiipite hoja hii kwa haraka. Mtu ambaye hachagui saa ya kushuka, hachagui magogo ya kuegemezea kuta, hana leseni wala hauzi mawe kwa uamuzi wake, huyo ni mshirika kwa jina tu, na maneno ya mkataba yasitumike kumnyima haki ambayo hali yake yenyewe inaidai.

Mpaka hapo sheria itakapopanuliwa, tufanye nini? Tunadhani jibu moja zuri lipo tayari katika nchi hii, nalo limetoka Pemba.

Mkarafuu ni mti mrefu wenye matawi yanayodanganya. Kila msimu kuna watu wanaoanguka, wengine wakivunjika viungo, wengine wakifa. Mchumaji wa karafuu, kama mchimbaji wa Chunya, hana mwajiri anayetambulikana. Leo anachuma kwa huyu, kesho kwa yule, naye hulipwa kwa pishi. Lau Zanzibar ingengoja mpaka kila mchumaji apate mkataba wa kazi, ingengoja mpaka Kiyama. Haikungoja. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ambalo ndilo mnunuzi wa karafuu zote, limekuwa likiwalipa fidia walioanguka mikarafuu, na fedha hiyo hutokana na zao lenyewe. Hatusemi kwamba kiasi kinacholipwa chatosha. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo hakitoshi kitu. Tunachosifu ni njia iliyotumika. Waliitafuta fedha pale zao linapopita katika mlango mmoja, wakaweka kibubu mlangoni.

Chunya nayo sasa ina mlango mmoja. Tangu mwaka 2019 Serikali ilipofungua masoko ya madini, dhahabu ya wilaya hiyo yapaswa kuuzwa katika soko lake, mbele ya maofisa, kwa mizani inayoonekana na bei inayotangazwa. Mrabaha wa Serikali na ushuru wa Halmashauri hukatwa palepale, na Chunya yahesabiwa kuwa mkoa wa kimadini wenye Afisa Madini Mkazi wake. Zamani tulipokuwa tukisema kuwe na mfuko wa wachimbaji, tulijibiwa kwamba haiwezekani, kwa maana dhahabu inauzwa gizani, katika vyumba vya kulala wageni. Jibu hilo lilikuwa la kweli wakati ule.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme kwa mfano tu kwamba katika kila shilingi mia inayolipwa sokoni inatengwa robo ya shilingi. Anayeuza dhahabu ya shilingi 10,000,000 atatoa shilingi 25,000. Hiyo ni bei ya chakula cha watu wachache siku moja kambini. Zikusanywe kwa mwaka mzima, kutoka kwa kila muuzaji, mwenye leseni, mwenye duara na mwenye karasha, nazo zitakuwa mfuko unaoweza kumpeleka majeruhi hospitali usiku uleule bila kuchangisha kofia, na kumlisha mjane kwa miezi sita ya kwanza huku mambo ya mirathi yakiendelea. Hatuombi zaidi ya hapo kwa kuanzia. Miezi sita ya kwanza ndiyo ambayo watoto huachishwa shule, na binti huozwa kabla ya wakati wake.

Watakaopinga watasema tozo ndogo huongeza utoroshaji. Si hoja ya kupuuzwa, kwani mchimbaji ana hesabu zake, na njia za panya za Lupa anazijua kuliko askari. Lakini mtu hutorosha anapoona fedha yake inakwenda asikokujua. Fedha ikirudi kijijini kwake, kwa jirani aliyemzika juzi, na majina ya waliolipwa yakabandikwa ubaoni pale sokoni kila mwezi, atakayeuza gizani atakuwa amejitoa yeye na watoto wake katika kivuli. Na ili isiongezwe tozo juu ya tozo, Halmashauri yenyewe ingeweza kuanza kwa kutenga sehemu ya ushuru inaoupata sasa kutokana na dhahabu hiyohiyo. Tunasikia kila mwaka wa bajeti ushuru huo ukisifiwa. Ni vyema wale wanaouleta wauonje.

Wako pia watakaouliza kwa nini wachimbaji wasiachiwe vyama vyao vya kufa na kuzikana. Vyama hivyo tunaviheshimu sana, na pasipo navyo Watanzania wengi wangezikwa bila sanda. Ila vimejengwa kwa mauti ya mmoja mmoja. Shimo likichukua wanachama tisa kwa siku moja, chama chenye watu 30 kinakufa nao. Kwa hiyo msiba wa duara moja lazima ubebwe na maduara yote, kama vile msiba wa chombo kimoja usivyoweza kubebwa na diko moja.

Tukitoka kwa Serikali, turudi nyumbani, kwani hata mfuko ukiwa na mamilioni hauwezi kumlipa mtu asiyejulikana. Hapa tuna neno la kusema waziwazi, na huenda baadhi ya wasomaji wasilipende. Wanaume wanaofanya kazi za hatari huwaficha wake zao hesabu, na hujisingizia kuwa wanaogopa uchuro. Ati mtu akitaja kifo chake atakuwa amekiita. Tumezungumza na watu wa bahari na watu wa migodi kwa miaka mingi, na twaona kwamba uchuro ni nusu tu ya sababu. Nusu ya pili ni siri: deni lisilotakiwa lijulikane, nyumba ya pili, fedha iliyokwisha kuliwa. Mauti hayatunzi siri hizo. Huzimwaga zote uwanjani siku moja, mbele ya watu waliokuja kuzika.

Wasomaji wetu Waislamu wanajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile inayoagiza kuandikiana madeni, na kuweka mashahidi. Wanajua pia kwamba katika mirathi deni hutangulia, kisha wosia, usiozidi theluthi na usiokuwa wa mrithi, ndipo mafungu yagawanywe. Sasa deni lisiloandikwa litatanguliaje? Atakayekuja na kiapo kikubwa ndiye atakayelipwa, na yatima watakula kilichobaki. Zanzibar ina Mahakama ya Kadhi, na ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ambayo kazi zake ni pamoja na kusimamia mirathi. Wote hao huweza kugawa kile tu kinachojulikana kuwa kipo.

Kwa upande wa Bara mambo ni magumu zaidi kwa mjane, na ndiyo sababu karatasi inahitajika zaidi. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963, ambazo hutumika katika jamii nyingi zinazofuata ukoo wa baba, hazimpi mjane fungu lake katika mali ya mumewe. Zinamwambia atunzwe na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia haki za wanawake iliitaka Tanzania izirekebishe. Kanuni hizohizo, hata hivyo, zinatambua wosia. Wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wa ukoo na wasio wa ukoo. Ulioandikwa na mtu ajuaye kusoma unahitaji wawili, na wa asiyejua kusoma unahitaji wanne. Mchimbaji anayempenda mkewe asimwachie huruma ya shemeji zake. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, huandika na kuhifadhi wosia, na wosia ulio mikononi mwa RITA haupotei nyumba ikiungua wala hauchanwi na mjomba mwenye hasira.

Na yule mwanamke wa kambini? Tusijifanye hatumwoni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu chake cha 160, inasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi hata wakajulikana kwa watu kuwa ni mke na mume, yaweza kudhaniwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Dhana hiyo huvunjwa panapokuwa na ndoa nyingine isiyoruhusu, na kesi zake huwa ndefu na chungu. Lakini mtoto si kesi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza mtoto kunyimwa haki ya kufaidi mali ya mzazi wake. Baba anayetaka kumlinda aanze na cheti cha kuzaliwa chenye jina lake mwenyewe, wala si lile la kambini. Katika jambo hili mkoa wa Mbeya hauna udhuru: mpango wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano karibu na wanakoishi ulianzia huko mwaka 2013, kabla ya kuenea mikoa mingine.

Tunapendekeza basi jambo lisilohitaji Bunge. Kila duara lenye leseni liwe na daftari mbili. Ya kwanza ni ya kila siku: nani ameshuka, saa ngapi, nani amepanda. Ikae juu, kwa mtu asiyeshuka. Pakitokea maafa, waokoaji watajua watafute watu wangapi, nao watajua wakati wa kuacha. Ya pili ijazwe mara moja, siku mtu anapopokewa kazini: jina lake kamili, kijiji alikotoka na jina la mwenyekiti wake, mtu wa kupewa habari, fungu lake katika mgao, na nani alipokee fungu hilo akifa. Nakala ya pili ikae ofisi ya kijiji. Afisa Madini anapokuja kukagua kuta na hewa, akague na daftari. Lisipokuwapo, duara lifungwe kama linavyofungwa lisipokuwa na ngazi. Visiwani kazi hiyohiyo ingefanywa na bwana diko kwa vyombo vinavyokwenda dago, na sheha akawekewa nakala. Gharama yake ni daftari na kalamu.

Nyumbani nako pawe na bahasha moja. Ndani yake ziwe nakala za vyeti, namba za akaunti na za simu za fedha, jina la duara au la nahodha, madeni anayodaiwa na anayodai, kila moja na tarehe yake, na namba ya uanachama wa mfuko wa hifadhi kama anao. Hapa tukumbushe kwamba NSSF hupokea pia wanaojiajiri wenyewe, na ZSSF nayo ina mpango wa hiari. Mwenye kipato cha msimu aweza kuchangia wakati wa neema. Namba ya siri ya benki haiandikwi katika bahasha hiyo, bali mtu mmoja anayeaminika ajue akaunti ipo. Wengi hufa wakiwa na fedha benki huku watoto wao wakilala njaa kwa kutojua tu.

Lipo pia lile linaloua polepole. Vumbi la mawe linalotoka katika kutoboa miamba na katika karasha huingia mapafuni likakaa, na mtu huanza kukohoa akiwa na miaka 35. Mara nyingi hutibiwa kifua kikuu, ambacho huenda anacho kweli, kwa maana mapafu yaliyojaa vumbi hukikaribisha. Wanaochenjua kwa zebaki na kuichoma mezani, watoto wakiwa karibu, nao wanajiwekea deni la namna hiyo. Mauti ya shimo hutangazwa redioni. Haya ya kifua hayatangazwi. Kwa hiyo mfuko tunaoupendekeza usiishie kwenye maporomoko. Mchimbaji apimwe mapafu anapoanza kazi na apimwe tena kila baada ya muda, karatasi zake ziwekwe, kwani bila kipimo cha mwanzo hakuna atakayeweza kusema baadaye kwamba kazi ndiyo iliyomdhuru. Pale Itumbi, ambako Serikali imejenga kituo cha mfano cha kuwafundisha wachimbaji wadogo uchenjuaji bora, pangekuwa mahali pa kufaa pa kuanzia: mtu aje kujifunza kuipata dhahabu, apimwe kifua, na aondoke amejaza fomu ya mrithi wake.

Madiwani wa Chunya hukutana kila robo ya mwaka. Mvua za huko huanza mwezi Novemba au Desemba, na udongo wa maduara ya zamani hulegea mara tu zinapokolea. Daftari zinaweza kununuliwa kabla ya hapo. Suala la kutenga sehemu ya ushuru laweza kuwekwa katika ajenda ya kikao kijacho, wakiitwa Afisa Madini Mkazi, wawakilishi wa wachimbaji, wenye karasha na wanawake wa kambini, na ikiwezekana aalikwe mtu mmoja kutoka Pemba anayejua jinsi fidia ya mikarafuu inavyolipwa, aeleze penye mafanikio na penye kasoro.